Ngozi ya Kondoo Niliyoitandaza Kitale

Mimi ni mtu wa kubishana. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sidhani alikuwa anatania. Nimebishana na makarani, na mafundi wenzangu, na mchungaji wangu, na redio pia nimeijibu mara nyingi kana kwamba inanisikia. Lakini ubishi mkubwa kuliko wote niliufanya na Mungu, katikati ya miaka ya themanini, mjini Kitale, nikitumia ngozi ya kondoo. Nilishindwa vibaya sana. Nasimulia kwa sababu sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, mzee mwembamba mwenye miwani, aliyeuza jora za khaki na vitambaa vya sare. Yeye alipima na kukata, mimi nikashona. Shule zikifunguliwa nilishona kaptura mpaka mguu wangu ulikanyaga pedali hata nikiwa kitandani, mke wangu ni shahidi.

Jumapili nilikuwa mtu mwingine. Nilivaa koti, niliimba besi kwenye kwaya, na nilifundisha shule ya Jumapili. Somo nililolipenda kupita yote lilikuwa utii. Niliwafundisha watoto kwamba Mungu akisema nenda, huulizi nauli. Na wakati wa ushuhuda nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema kwa sauti iliyotikisa mabati, "Bwana, nitume popote! Popote utakapo, mimi nitakwenda!" Kanisa likaitikia amina, nami nikaketi nikiwa nimeridhika sana na mimi mwenyewe.

Nitasema ukweli kuhusu hiyo "popote." Moyoni mwangu popote palikuwa Suam, kule mpakani na Uganda. Kanisa letu lilitaka kupeleka mtu kuhubiri huko siku za soko, nami niliona ni kazi inayonifaa: safari, barabara ya matope, watu wengi, na mimi katikati nikipaza sauti. Nilikuwa nimeshanunua gambuti mpya. Kila jioni nilizitoa chini ya kitanda nikazitazama.

Badala ya Suam ikaja habari kutoka Malakisi.

Mke wangu alizaliwa upande wa Malakisi, kwenye tumbaku, na mimi Kabuchai, kwenye miwa. Mama yake alikuwa mjane, akilima tumbaku yake peke yake. Mama huyo macho yake yalikuwa yanaharibika. Yaliingia utando mweupe, ule watu wanaouita mtoto wa jicho, na ilifika mahali hakuweza kumtambua mtu mpaka aseme. Daktari wa macho alikuwa akija Kitale mara mbili tu kwa mwaka, na zamu yake ilikuwa imekaribia. Waliotaka kupasuliwa walitakiwa kufika hospitalini Jumatatu asubuhi kuandikwa, na baada ya kupasuliwa wakae karibu majuma matatu, wakitiwa dawa machoni na kutazamwa na daktari. Akikosa zamu hiyo, angesubiri nusu mwaka, na kwa jinsi macho yalivyokuwa yanakwenda, nusu mwaka ulikuwa mbali. Kitale alikuwa na nyumba moja tu ya kufikia, na nyumba hiyo ilikuwa yangu, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko.

Msomaji asiye wa kwetu atauliza, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Ni heshima. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Siku ya harusi yangu mama mkwe alikaa nje ya kanisa, akamtazama binti yake akiolewa kupitia dirishani. Mara moja tulikutana ghafla sokoni Bungoma. Yeye alijitosa nyuma ya magunia ya omena, mimi nikaruka mtaro nikapasua suruali. Watu hawakucheka, maana kila mmoja alielewa kwamba hao ni wakwe na wanaheshimiana.

Mwiko huo una mlango wake. Mkwe akijiweza hupeleka blanketi na kondoo, wazee wanakaa, mama mkwe anampa mkono, na tangu siku hiyo wanasalimiana kama watu. Na mimi kondoo nilimnunua, mwaka wa tatu wa ndoa. Alikuwa dume mweupe, mnene. Nilimfunga nyuma ya nyumba nikisubiri nafasi ya kusafiri, lakini Krismasi ikatangulia kufika. Sitaongeza maneno. Nyama ilikuwa tamu, na ngozi niliikausha nikaitandika kwenye kiti changu cha kushonea, kwa sababu Kitale ni baridi na kiti kilikuwa cha chuma. Kufikia wakati wa habari hii nilikuwa nimeoa miaka tisa, na miaka sita kati ya hiyo nilikuwa nimemkalia kondoo wa mama mkwe.

Kusema kweli, mwiko ulinifaa. Sikuwa na wa kunikosoa, sikuwa na wa kumhudumia, na niliitwa mtu wa heshima bila kufanya lolote.

Mke wangu aliponieleza habari ya macho, nilijibu upesi kama mtu aliyekuwa amejiandaa. "Haiwezekani. Ni mwiko. Unataka nilale nyumba moja na mama yako?"

"Nataka mama aone," alisema.

"Kwani mimi sitaki aone? Lakini mila ni mila."

Mke wangu si mtu wa kelele. Alikuwa anachambua sukuma, akaendelea kuchambua. "Baba watoto," alisema, "si wewe ndiye ulisema popote? Basi muulize huyo Mungu wako kama ni Suam peke yake anajua."

Maneno hayo yalinichoma. Nikasema sawa, nitamuuliza. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Maandiko, nikakumbuka yule mtu wa Agano la Kale aliyetaka ishara, akatandaza ngozi ya kondoo uwanjani, umande ukaangukia ngozi na ardhi ikabaki kavu, na siku ya pili ikawa kinyume. Ngozi nilikuwa nayo. Uwanja, yaani kipande cha nyasi mbele ya choo cha ploti, ulikuwepo. Nilijisikia kama mtu mkubwa wa imani.

Siku ya kwanza niliomba hivi: asubuhi ngozi ikiwa imelowa na nyasi zikiwa kavu, mama mkwe aje. Ilikuwa Julai. Mtu aliyekulia Kabuchai hawezi kujua umande wa Kitale mpaka aukanyage. Asubuhi ngozi ilikuwa imelowa, nyasi zimelowa, hata kamba ya nguo ilikuwa inadondosha matone. Nikatangaza kwamba hakuna jibu. Nikachukua ngozi yangu, nikaenda kazini, nikaikalia hivyo hivyo kwa sababu sikuwa na nyingine.

Siku ya pili nikageuza: ngozi ikiwa kavu na nyasi zimelowa, aje. Hapa naomba mnielewe vizuri. Nilijua kabisa kwamba mwezi huo hakuna kitu kilichoachwa nje Kitale kikaamka kikavu. Nilijua, na bado niliomba kwa macho yaliyofumbwa na kwa sauti ya unyenyekevu. Asubuhi niliikamua ngozi kama blanketi lililofuliwa, nikaingia ndani nikiwa na furaha nisiyoweza kuificha.

"Unaona?" nilimwambia mke wangu. "Bwana amesema hapana."

"Bwana ama umande?" aliuliza, akaendelea kumfunga mtoto kamba za viatu.

Nikaona niifanye mara ya tatu iwe rasmi, sharti lile lile: ikikauka, aje. Asubuhi nilitoka nikamkuta mbwa wa jirani amejikunja katikati ya ngozi, amelala usingizi wa haki. Nilipomfukuza, pale alipokuwa amelala palikuwa pakavu na pana joto, duara zuri kabisa, na pembeni kote maji matupu. Nikasimama hapo na gambuti zangu za Suam nikiitazama ngozi. Nusu aje, nusu asije. Nikamkasirikia mbwa, kisha nikamkasirikia jirani, na ndani kabisa, ingawa singekubali, nilianza kumkasirikia Mungu kwa sababu alitumia mbwa.

Siku hiyo Mhindi mwenye duka alitoka hadi veranda na kijiti chake cha kupimia. "Fundi," alisema, "siku tatu hii suruali yako iko maji hapa nyuma. Wewe iko gonjwa?"

Nikaona mlango wa kumhubiria umefunguka. Nikamweleza yote, tangu macho mpaka mbwa, nikimwonyesha jinsi mtu wa Mungu anavyotafuta mapenzi ya Mungu kwa subira. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono, kichwa kimeinama upande.

"Hii mama, macho yake nakufa?"

"Ndiyo, mzee."

"Daktari iko hapa Kitale?"

"Yuko. Jumatatu."

"Na nyumba yako iko hapa Kitale?"

"Iko."

Akatazama ngozi niliyoikalia. "Sasa hii kondoo nasaidia nini?"

Akarudi ndani kumhudumia mteja. Mimi nilivunja sindano mbili kabla ya saa sita. Ati mtu asiyejua hata wimbo mmoja wa kitabuni ananifundisha mimi utii! Nilipanga majibu mazuri sana, nikayarudia moyoni, lakini kila jibu lilikuwa linafika mahali fulani linakwama, kama kitambaa kinapokunjamana chini ya sindano.

Jioni nikaifungua Biblia kutafuta namna ya kumjibu. Nikasoma habari ya yule mtu wa ngozi tangu mwanzo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka, maana ukishajua hadithi unaanzia pale patamu. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita mara mia. Yule mtu alikuwa ameshaambiwa. Aliambiwa waziwazi aende, kabla ngozi haijaguswa. Ngozi haikuleta habari yoyote mpya. Ilikuwa ya mtu mwenye hofu. Na yeye hofu yake ilikuwa ya vita, jeshi zima limejaa bondeni. Yangu ilikuwa ya mama mmoja mjane asiyeona vizuri. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Kesho asubuhi nitakwenda Malakisi," nilimwambia mke wangu.

Aliweka sufuria chini. "Wewe mwenyewe?"

"Si ulisema umemwita mara mbili akakataa?"

"Anasema hawezi kuja mpaka mwenye nyumba aseme."

"Basi mwenye nyumba anakwenda kusema."

Sitajisifu. Nilitii kama ng'ombe anavyotii kuingia dipu la dawa ya kupe, kwa kusukumwa na kwa kelele. Njia nzima nilikuwa nanung'unika. Nilipanga nisimame mbali, kwa jirani, nimtume mtu apeleke ujumbe, heshima ikae mahali pake. Lakini nilipofika kwa jirani hakukuwa na mtu, wote walikuwa shambani. Nikasogea kwenye boma la mama mkwe, nikasimama uani nikikohoa, kikohozi kile cha mtu anayetaka kusikika bila kuonekana.

Alikuwa kwenye banda la kukaushia tumbaku, amekaa chini, anafunga majani mabichi kwenye ufito kwa kupapasa. Vidole vilikuwa vinahesabu jani moja moja, na uso ameuelekeza ukutani. Alisikia kikohozi.

"Nani huyo? Ni wewe wa tumbaku?" aliita. "Nyinyi watu ni waongo sana. Mrisema mtakuja Jumanne, na reo ni Arhamisi! Ingia, kaa hapo, shika uzi. Ama unataka mama mzee afunge peke yake?"

Alidhani mimi ni yule bwana wa kukagua majani. Hapo ningesema. Sikusema. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno hata mbele ya askari, uligoma. Nikaingia, nikakaa upande wa pili wa ufito, nikashika uzi. Mikono ya fundi ikishika uzi haiwezi kukaa bure. Nikaanza kufunga, jani huku, jani kule.

"Wewe unajua kazi," alisema baada ya muda, akipapasa mafundo yangu. "Yure mwenzako hufunga ovyo, majani yanaanguka kama watu wamerewa."

Nikaguna.

Akaendelea kuzungumza, maana mtu anayeishi peke yake akipata sikio halitupi. Akanieleza macho yake. Akanieleza kuhusu daktari wa Kitale. "Binti yangu anaitana, ati niende. Rakini niko na mkwe huko, mtu wa Mungu sana, anafundisha watoto kanisani. Nikienda kuishi kwake si watu watamcheka? Watasema ni mtu gani huyu anakaa na mama mkwe. Afadhari nipofuke, bana. Macho ni yangu, rakini hiyo aibu itakuwa yake."

Uzi ukanitoka mkononi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya heshima ili nisisumbuke. Yeye alikuwa tayari kuingia gizani kwa ajili ya heshima hiyo hiyo, na anaisema bila kilio, huku anafunga tumbaku. Nililia. Nalisema wazi, nililia nikiwa nimeshika jani la tumbaku, na hakukuwa na moshi wa kusingizia.

"Mama," nikasema, "mimi si mtu wa tumbaku. Mimi ni mkwe wako."

Alipiga yowe nafikiri lilisikika Uganda. Alivuta leso akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta, majani yakamwagika. "Uuuwi! Umekaa hapa! Umekaa na umefunga!"

"Nimefunga, mama. Na sasa nimekuja kukuchukua. Mwenye nyumba amesema."

 Halafu kutoka ndani ya leso nikasikia kitu nilichodhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Alikuwa anacheka mabega yanatikisika. "Na nimekutusi," alisema. "Nimekuita mwongo."

"Hukukosea sana, mama."

Tulisafiri siku hiyo hiyo. Tumbaku yake aliiachia jirani aliporudi kutoka shambani. Kwenda stendi ilikuwa kazi, kwa sababu njia hakuiona na mkono wangu hangeweza kuushika. Yeye ndiye aliyepata dawa. Alichomoa ufito mmoja wa tumbaku, akashika ncha moja na mimi nyingine, nikatangulia. Tukapita sokoni Malakisi hivyo, mimi mbele, yeye nyuma amejifunika leso, ufito katikati. Watu walitupisha. Kwenye basi mimi nilikaa kiti cha mbele na yeye cha nyuma kabisa, na kila tukisimama alikuwa anauliza kwa sauti kondakta asikie, "Mkwe wangu bado yuko?" Nami naitikia bila kugeuka, "Nipo, mama!"

Nyumbani nilifanya kile ninachokijua. Nilimwomba Mhindi mabaki ya kitambaa, akanikatia pazia zima la bluu, akasema, "Hii hapana mabaki, lakini chukua." Nililishona usiku mmoja, nikalitundika kati ya chumba na chumba, kutoka darini mpaka chini. Mama mkwe akakaa upande wake, nami upande wangu. Jumatatu mke wangu alimpeleka kuandikwa, Jumatano akapasuliwa jicho la kulia, lililokuwa na nafuu ya kuponyeka, na baada ya siku tatu akarudi nyuma ya pazia akiwa na kitambaa cheupe juu ya jicho, chupa ndogo ya dawa, na miwani mizito iliyofungwa kwenye karatasi, ya kuvaa siku daktari atakapompa ruhusa.

Hapo ndipo nilipopata rafiki. Niligundua mama mkwe wangu ni mbishi kuliko mimi. Alikuwa na Biblia yote kichwani, kwa kuisikia tu, na jioni tulibishana kupitia pazia mpaka ugali ukapoa. Alipoomba, aliomba kwa dunia yote, akipita Malakisi, Bungoma, Kitale, serikali, mvua, na wakaguzi wa tumbaku, mpaka mke wangu akapitiwa na usingizi akiwa amepiga magoti.

"Ati uriomba Mungu akutume wapi?" aliniuliza siku moja.

"Suam, mama."

"Suam kuna nini?"

"Kuna watu wanaohitaji neno."

"Na mimi niriyekuwa nahitaji mtu wa kunishikia ufito, nirikuwa wapi?"

 Pazia likacheka.

Siku nyingine nilikiri juu ya kondoo. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu, "Arikuwa mnono?" Nikasema ndiyo. "Na ngozi?" Nikasema naikalia. "Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayeweka jambo akiba.

Juma la pili likizo ya mke wangu iliisha. Alikuwa akipika katika shule moja nje ya mji, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Dawa ya macho ilitakiwa asubuhi, mchana na jioni bila kukosa, na mama jirani, mwenye mbwa, aliahidi kuitia ile ya mchana. Siku ya pili tu, jirani akapata msiba kwao, akaondoka. Mtoto wake akaja mbio mpaka kwenye veranda kuniambia. Ilikuwa saa sita na nusu.

Nilikaa kwenye kiti changu, juu ya ngozi, iliyokuwa imekauka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kuweka ufito katikati kwa dawa ya macho haiwezekani. Pazia halina mkono. Ilibidi niingie upande wake, nimshike uso. Kupeana mkono tu hatujapeana, na sasa uso! Na nawaambia, ubishi wote ulinijia mdomoni umejipanga: wazee, mila, watu watasema nini, kesho si mbali. Kisha nikajiona nimeishika ngozi kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuitandaza. Nikaiacha. Nilikuwa nimeshaambiwa.

Nyumbani niliosha mikono kwa sabuni mara mbili, nikasimama mbele ya pazia langu la bluu.

"Mama," nikasema, "jirani amepata msiba. Wa kutia dawa ni mimi."

 Nikasikia kitanda kikilia, na pumzi yake. 

"Umeurizia kwa ngozi?" akasema.

"Hapana, mama. Hii sikuuliza."

"Basi ingia."

Nikafungua pazia. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini kama mwanafunzi, na leso ameishusha mwenyewe mabegani. Nilitoa kitambaa cheupe polepole. Nilimwinamisha kichwa nyuma kwa viganja vyangu. Tone la kwanza liliangukia shavu. La pili likaingia. Alikaa amefumba, midomo inatembea, najua alikuwa anaomba. Kisha akapapasa chini ya mto, akatoa ile karatasi, akavaa miwani kabla sijamkumbusha kwamba daktari bado hajatoa ruhusa. Mtiifu huyo naye alikuwa na mipaka yake.

Akafungua jicho. Likaogelea huku na huku nyuma ya kioo, kubwa, lenye maji, kisha likatulia usoni mwangu. Akanitazama. Hakuna aliyeruka mtaro. Alinitazama tangu paji la uso mpaka kidevu, akarudi tena juu, na mimi nikasimama na chupa mkononi nisijue pa kujificha.

"Kumbe ni huu," alisema. "Miaka tisa nakimbia, kumbe nirikuwa nakimbia huu! Uso wa kawaida tu."

Tukacheka. Tulicheka mpaka dawa ikatoka ikabidi nitie tena. Halafu akaninyooshea mkono, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Sitasahau ule mkono, mkavu, wenye gundi ya tumbaku isiyotoka kwa sabuni yoyote.

Aliporudi kwao nilimsindikiza mpaka kwenye basi, na mara hii alitembea mbele. Blanketi nilinunua. Kondoo sikuwa naye. Alinyoosha mkono akaomba ngozi, nikakimbia verandani nikamletea.

"Hii ndiyo kondoo wangu," alisema. "Nyama mrikura, sawa. Rakini ngozi itakaa kwangu. Siku ukitaka kujua mapenzi ya Mungu, njoo Marakisi uniurize mimi. Mimi sirowi na umande."

Suam nilikuja kutumwa, miaka ya tisini ilipoanza. Gambuti zilikuwa zimepasuka kwa kungoja. Nilihubiri mvuani kwa wanawake wawili waliokuwa wamejikinga, na nilifurahi. Lakini kila nilipokwama, nilikwenda Malakisi. Nilikwenda nilipotakiwa kumsamehe ndugu yangu kwa sababu ya mpaka wa shamba la Kabuchai. Nilikwenda kanisa liliponitaka niwe mzee wa kanisa na mimi sikutaka, na nilipokuwa nimemkosea mke wangu, mara kadhaa. Mama mkwe alinikaribisha kwenye kigoda, yeye akiwa juu ya ngozi, miwani puani. Nilianza kueleza, upande huu na upande ule, kama mtu anayetandaza kitu.

Hakuwahi kuniacha nimalize. "Baba," alikuwa akisema, "jibu unajua tayari, ama hujui?"

"Najua, mama."

"Basi wewe umekuja kunywa chai."

Akainuka kwenda jikoni. Nilikunywa chai yangu, nikapanda basi, nikaenda kufanya kile nilichokuwa nimeshaambiwa.